Kanzu ya Bwana Arusi na Rafadha Niliyoificha

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kutengeneza mashine za kufulia lilikuwa kudhani kwamba kitu kilicholika ni kitu kilichoharibika. Nalitaja mapema ili msomaji asije akafikiri kwamba leo nimekaa kumsifu mtu aliyekufa, basi. Jumatano iliyopita nilikuwa dukani napima mkanda wa mashine kwa uzi, mara tatu, kwa sababu mara mbili hazinitoshi, mwenye duka aliponiambia kwamba fundi wangu amefariki alfajiri na atazikwa baada ya adhuhuri. Alisema "fundi wako". Sijui kama alikuwa na maana yoyote. Marehemu hakuwa mwalimu wangu, wala jamaa yangu, wala rafiki kwa maana tunayoizoea. Alikuwa mtu niliyekuwa nikimwendea kwenye karakana yake Kibokoni, Mji wa Kale, kwa muda wa miaka minne hivi, na mara nyingi nilitoka pale nikiwa najua kidogo kuliko nilivyoingia. Niliurudisha mkanda mahali pake nikaenda nyumbani kuoga na kubadili nguo.

Tulimsalia, tukamchukua, tukamzika. Kabla ya watu kutawanyika ndugu yake alisimama, kama ilivyo desturi, akatuuliza twamjua vipi marehemu, nasi tukajibu kwa pamoja kwamba alikuwa mtu wa kheri. Kisha akaomba kwamba yeyote ambaye marehemu alimkosea kwa neno au kwa kitendo amsamehe. Watu wakaitikia kwamba wamesamehe. Kando yangu alisimama bwana mmoja mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, ami yake kijana aliyeoa mwaka wa juzi, na huyu hakuridhika kuitikia na wenziwe. Aliinamisha kichwa akasema peke yake, kwa sauti ya chini lakini nikaisikia yote: "Nami lile la kanzu nimemsamehe. Mungu naye amsamehe."

Alikuwa amemsamehe mtu asiyehusika, na aliyehusika alikuwa amegusana naye bega kwa bega.

Wanaonisoma kila wiki wanajua kwamba safu hii ni ya vyombo vya nyumbani. Huandika habari za majiko ya mafuta, pasi za umeme, vyerehani, na tangu Wazungu wengi walipoanza kufunga masanduku na kuuza vyombo vyao mnadani, huandika pia habari za mashine za kufulia. Sikusomea kazi hii popote. Nilinunua mashine moja iliyokufa pamoja na vitabu vyake viwili vya maelezo vya Kiingereza, kimoja kimekatika kurasa za mwisho, nikavisoma na kamusi pembeni mpaka nikavijua kwa moyo. Kwa asiyezijua mashine hizo, ni pipa la chuma lililopakwa rangi nyeupe ngumu kama ya bakuli, nguo hutiwa kwa juu, na katikati ya pipa umesimama mti mfupi wenye mbawa tatu au nne. Mti huo huzunguka nusu mzunguko kwenda, nusu mzunguko kurudi, na ndio unaozikoroga nguo. Marehemu aliuita rafadha. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika vyumba vya kufulia vya meli za abiria, na kwake yeye kila kitu chenye mbawa kinachozunguka majini kilikuwa rafadha.

Umri wake nakisia ulikuwa hamsini na kidogo. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, mkali kwa wateja na mpole kwa mashine. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, na rafadha zilikuwa zimetungikwa ukutani kwa kamba kama mikungu ya ndizi. Siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha nilibeba daftari langu na vitabu vyangu viwili. Alivitazama vile vitabu, akauliza kama vimeandika habari za leso. Nikamwambia havikuandika. Akauliza kama vimeandika habari za kanzu, au buibui, au maji ya kisima cha Mji wa Kale. Nikasema havikuandika. Akasema, basi hivyo ni vitabu vya suruali, akaendelea na kazi yake. Kuanzia siku hiyo aliniita Bwana Kitabu, na watu waliokuwa wakikaa barazani kwake wakalishika jina hilo kabla sijafika nyumbani.

Lakini hakunifukuza. Nilipokuwa nimekaa kimya muda wa kutosha alitungua rafadha tatu akaziweka mbele yangu sakafuni. Moja ilikuwa ya alumini, ya pili ya ile plastiki nyeusi ngumu inayotumika kwa vishikio vya sufuria, ya tatu ya plastiki nyeupe mpya. Akaniuliza ipi ni bora. Nilijibu kama nilivyosoma, kwamba ni ile nyeupe, kwa sababu mbawa zake ni ndefu, zimesimama wima, na hufikisha nguvu mpaka juu ya maji. Alichukua kipande cha melimeli, kitambaa chepesi kama kile cha kilemba kuukuu, akakipitisha taratibu juu ya mbawa za kila moja. Kwenye alumini kitambaa kilikwaruza mara nyingi, maana maji ya chumvi yalikuwa yameitoboa vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwenye ile nyeupe kilikwama mahali pamoja, penye ukingo uliokuwa mkali tangu kiwandani. Kwenye ile nyeusi, ambayo mbawa zake zilikuwa zimelika mpaka nusu na hazikulingana, kitambaa kiliteleza kama juu ya shavu la mtoto.

"Sasa," akasema, "nambia tena ipi bora."

Nikamwambia ile nyeusi. Akacheka akasema nimekosa tena, kwamba ile nyeusi haiwezi kung'oa uchafu kwenye mashuka ya hoteli hata ikizunguka mpaka kiyama. Nikamwuliza ipi basi. Akasema swali langu ni bovu, na hakulieleza. Niliandika maneno yote hayo kwenye daftari na usiku nikajaribu kuyapanga yakakataa kupangika.

Mambo yake mengi yalikuwa hivyo. Kuna Jumatatu aliniambia kwamba kila wiki rafadha ivuliwe, na ikiwa imeng'ang'ania ipitishiwe kamba chini ya mbawa pande mbili na kuvutwa moja kwa moja juu, isipigwe nyundo kamwe. Kisha mhimili usafishwe kwa siki na kupakwa grisi kidogo. Alhamisi ya wiki ile ile nilimkuta akifunga mashine ya jirani bila kupaka grisi hata chembe, na nilipomkumbusha maneno yake akaniuliza ni mjinga gani aliyeniambia hivyo. Nilidhani ananichezea. Baadaye nikadhani labda sababu ni maji, kwamba nyumba hii yatumia kisima na ile yatumia mfereji. Baadaye tena nikadhani labda amesahau. Mpaka leo kurasa hizo mbili za daftari zimekaa zikipingana, nami sijui ipi niifute.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, nyumba ya nne kutoka kwa fundi, aliyekuwa akiendesha maisha yake kwa kuwafulia watu. Mashine yake ilitoka mnadani na fundi ndiye aliyekuwa akiitunza. Huyu mama alijulikana kwa kanzu. Familia nyingi zilizokuwa haziwezi kumwamini dobi mwingine kwa kanzu za darizi zilimpelekea yeye, na kila arusi ilipokaribia, kanzu ya bwana arusi na za amize na nduguze zilifikia kwake, zikafuliwa pamoja, zikatiwa buluu, zikapigwa pasi, kisha zikarudishwa kwao kufukizwa udi. Mwaka wa juzi, wiki ya arusi ya yule kijana niliyemtaja mazishini, mashine ya huyu mama ilianza kupiga kelele. Fundi alikuwa amevuka Feri kwenda kumwuguza dada yake Likoni, na hakuna aliyejua atarudi lini. Yule mama akaniita mimi, niutazame mkanda tu.

Niliutazama mkanda, nikaubadilisha, kelele zikakwisha. Ningeondoka pale ningekuwa nimefanya kazi njema. Lakini nilikuwa nimechungulia ndani ya pipa nikaona rafadha, na sikuweza kuistahimili. Ilikuwa nyeusi, mbawa zake zimelika mpaka nusu, moja fupi kuliko nyingine, kingo zimeviringika. Wasomaji wenye tabia kama yangu watanielewa: nilihisi kama mtu aliyeona mlango ulioachwa wazi. Nyumbani nilikuwa na rafadha nyeupe, mpya kabisa, ya mashine ya aina hiyo hiyo, mbawa zake ndefu na zote sawa. Nilikwenda nikaileta. Yule mama alikuwa juu anaanua nguo na sikumwambia, kwa sababu nilitaka aone mwenyewe nguo zitakavyotakata. Niliivua ile nyeusi kwa kamba, moja kwa moja juu kama nilivyofundishwa, nikavalisha nyeupe, nikahesabu mizunguko yake kwa saa ya mkono, nikaridhika. Ile nyeusi nikaitia kwenye mfuko wangu. Na ile melimeli, ambayo nami nilikuwa nimejinunulia kipande, sikukumbuka hata kuitoa.

Kesho yake yule mama akatia kanzu sita. Mikono ya kanzu ni mirefu, na mbawa ndefu ziliikamata zikaizungusha kama uzi kwenye kibao. Tano zilitoka zimejikunja vibaya lakini nzima. Ya bwana arusi ilichanika shingoni, pale penye darizi ya hariri iliyofanywa kwa mkono kwa miezi, na uzi ukafumuka mpaka kifuani.

Habari hiyo ilifika barazani kabla ya maji kukauka. Fundi alirudi siku hiyo hiyo, wakati wa alasiri, na nilipopita nilimkuta amesimama ukumbini kwa yule mama pamoja na ami yake bwana arusi na shangazi zake wawili waliokuwa wakizungumza kwa zamu. Walikuwa wakimwambia yule mama kwamba hawataleta tena hata leso ya kufutia mikono, na kwamba watawaambia na wengine. Yeye alikuwa amekaa chini, ameishika ile kanzu. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa na maneno yangu tayari mdomoni, nawaapia wasomaji, nilikuwa nayo. Fundi aliinama ndani ya pipa, akaigusa rafadha nyeupe, akakaa ameinama muda mrefu kidogo. Alipoinuka uso wake ulikuwa na kitu ambacho wakati ule nilikiita hasira na sasa sijui nikiite nini.

"Mwacheni mama wa watu," akasema. "Rafadha hii si ya kanzu, ni ya mashuka. Nitakuwa niliibadilisha nikasahau kuirudisha. Kosa ni langu."

Ami yake bwana arusi akamwambia kwamba fundi anayesahau heri akae nyumbani. Shangazi mmoja akaongeza kwamba labda mawimbi ya kule melini yalimtikisa ubongo. Fundi alikubali yote. Akaichukua kanzu akaipeleka mwenyewe kwa mshona darizi, akamsihi, na siku ya nikaha bwana arusi aliivaa, ingawa mwenye jicho angeona mahali palipounganishwa. Familia ile haikumwacha yule mama, kwa kuwa lawama ilikuwa imepata pa kutua. Ilimwacha fundi, na baadhi ya jamaa zao nao wakamwacha.

Mimi sikusema neno. Nilijiambia kwamba ameshasema yeye na kumkanusha mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Nilijiambia kwamba nitamwendea faragha. Kila sababu niliyojipa ilikuwa nadhifu, imepigwa pasi.

Nilikwenda kwake baada ya siku kumi. Nilimkuta ameshusha rafadha zote ukutani, amezitandaza sakafuni, anazigeuza moja moja. Alikuwa akiitafuta ile nyeusi ya yule mama. Alinieleza, kama mtu anayejieleza mwenyewe, kwamba aliichonga kwa tupa na msasa kwa muda wa miezi, akiijaribu kwa kanzu zake mwenyewe, ubawa mmoja akiupunguza kuliko mwingine ili nguo ipate mahali pa kuponyoka isijizungushe. Haikuwa imelika. Ilikuwa imechongwa. Akasema ataipata tu, kwa maana kama ameivua lazima ameiweka mahali, na mtu hawezi kuvua kitu kikapotea hewani.

Kisha akanitazama. "Wewe hukuiona popote?"

"Sikuiona, fundi," nikamwambia.

Akasema haya, nimsaidie kutafuta. Nikapiga magoti nikamsaidia. Tulifungua makasha, tukasogeza mapipa, tukatazama nyuma ya kabati la mama yake, na muda wote huo rafadha ilikuwa chini ya kitanda changu imefungwa kwa gazeti. Nadhani lilikuwa gazeti lenye safu yangu. Nimekwisha kuandika mambo mengi ya aibu katika ukurasa huu, kwa kuwa najua ndiyo maana wengine hunisoma, lakini hili sikuwahi kuliandika mpaka leo.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa, na kuchanganyikiwa kwangu hakukupungua kwa kumzika. Kuna siku naamini kwamba alijua tangu alipoinama ndani ya pipa. Mtu aliyeweza kutambua rafadha kwa kidole hakushindwa kujua kwamba ile nyeupe haikutoka ukutani kwake. Basi alinisitiri, na ule utafutaji ulikuwa mlango aliokuwa akinifungulia, saa nzima, kasha baada ya kasha, nami nikakataa kupita. Lakini kuna siku naamini kwamba hakujua. Kweli alikuwa na desturi ya kuwabadilishia wateja rafadha kulingana na kazi iliyoko, na kweli alikuwa na nyeupe zake mbili tatu. Kama hakujua, basi nilimwacha aamini kwamba mkono wake umeanza kumsaliti. Na hilo nililiona kwa macho. Baada ya arusi ile alianza kuandika kwa chaki mgongoni mwa kila mashine alichokifanya na siku aliyokifanya. Alianza kufungua upya kazi aliyoimaliza. Siku moja alinipa bisibisi, mimi, Bwana Kitabu, akaniomba nimhakikishie kwamba ameikaza rafadha sawasawa. Ilikuwa imekazwa barabara. Nilimwambia hivyo, naye akanishukuru, na shukrani ile iliniingia vibaya kuliko matusi yoyote aliyowahi kunitukana.

Alimchongea yule mama rafadha nyingine. Ilimchukua muda, na nilikuwa nikiishika huku yeye akipitisha tupa. Alizungumza siku hizo kuliko kawaida. Alisema mashine hizi zilitengenezwa na watu waliojua nguo zao, na hakuna ubaya katika hilo, ila sisi tumezirithi na nguo zetu ni nyingine, na kazi ya fundi wa hapa ni kusimama katikati ya viwili hivyo na kukata kidogo kidogo mpaka vizoeane. Nilimwuliza ajuaje pa kukomea. Akasema hajui, kwamba hukata mpaka aogope. Wiki iliyofuata nilipomrudishia maneno hayo alisema hakuyasema, na kwamba fundi mwoga aende akauze sambusa. Niliandika yote mawili.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo, ayatambue au asiyatambue. Tangu uhuru sisi vijana tumekabidhiwa vitu vingi vilivyokuwa mikononi mwa wengine, na tuna haraka ya kuonyesha kwamba tunaviweza. Rafiki yangu mmoja alipewa meza ya karani aliyestaafu katika ofisi ya mizigo Kilindini. Siku ya kwanza aliitupa karatasi chafu iliyobandikwa ndani ya mtoto wa meza, imejaa maandishi ya penseli, kisha akakaa mwezi mzima akiwauliza makuli mambo ambayo karatasi ile ilikuwa ikiyajibu. Tunaona alama ya mkono wa mtu tunadhani ni uchafu. Hapa hapa, katika safu hii, niliwahi kuwashauri wasomaji kwamba rafadha yenye mbawa fupi itupwe na kununuliwa yenye mbawa ndefu. Ushauri ule naufuta. Aliyeufuata na akaharibikiwa na nguo, lawama ni yangu. Sikuandika kwa ubaya, niliandika kwa uhakika, na sasa sina hakika ni kipi kati ya viwili hivyo kinachowadhuru watu zaidi.

Siku iliyofuata mazishi niliitoa ile rafadha chini ya kitanda nikaipeleka kwa yule mama. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia niketi. Aliipokea, akaipitishia kiganja, akaiweka sakafuni karibu na mguu wake. Nilimwuliza kama marehemu alijua. Akasema siku ile ya kanzu, kabla ya wenye arusi kufika, yeye mwenyewe alimwambia fundi kwamba nilikuja kuutazama mkanda.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Alisema mkanda ni mkanda. Hakusema zaidi."

Nikamwambia hilo halinisaidii, kwamba bado sijui kama alinisitiri au alidanganyika. Alinitazama kama mtu anayetazama doa ambalo hajui limetokana na nini.

"Kama alijua, alikusitiri wewe. Kama hakujua, ulimwibia akili yake. Wewe wataka mimi nikuchagulie, mwanangu? Mimi sikuchagulii. Kuna mtu alisimama kaburini akamsamehe kosa ambalo si lake. Nenda kwa huyo kwanza, halafu ukae uchague."

Nilikwenda jioni ile. Ami yake bwana arusi alikuwa barazani kwake na watu wanne, akanikaribisha kahawa kabla hajajua nimekuja kwa lipi. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, yakanipotea yote, nikasema vipande vipande na kwa mpango mbaya, nikaanza na rafadha ambayo hakuna aliyejua ni kitu gani, nikarudi nyuma kwenye mkanda, mpaka mmoja wao akaniuliza kwa upole kama naumwa. Mwishowe nilisema tu kwamba kanzu niliichana mimi na marehemu hakuhusika. Kikombe changu kilikuwa kimepoa. Yule bwana aliweka kikombe chake chini. Hakunitukana, jambo ambalo nilikuwa nimejitayarishia. Aliniuliza swali moja tu, kwamba siku ile wao walipomwambia fundi maneno yale, mimi nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa mlangoni. Akatikisa kichwa, akawageukia wenzake akawaambia kwamba kesho baada ya Ijumaa atawakusanya jamaa zake awaambie kwamba walimdhulumu maiti, na kwamba wamwombee. Kuhusu kunisamehe mimi hakusema lolote, nami sikuthubutu kuomba.

Sijui kama marehemu alijua kwamba ni mimi. Nimejaribu kuandika makala hii mara tano ili nifike mahali pa kujua, na kila mara nimefika hapa hapa. Ninachokijua ni kwamba nilitaka kila kitu kiwe sawasawa isipokuwa neno langu. Kosa la mkono lilirekebishwa kwa sindano na uzi ndani ya siku chache. Kosa la ulimi ndilo lililomfanya fundi mwema aandike kwa chaki mambo aliyokuwa akiyajua kwa vidole. Mtu akikosea aseme mapema, kabla mwingine hajaanza kujitilia shaka kwa ajili yake.

Tangu wiki iliyopita yule mama haniiti tena, ameita fundi mwingine. Familia ya bwana arusi imelisafisha jina la marehemu, na mimi jina langu limechafuka Kibokoni kwa haki. Nikiitwa kwenye mashine ya mtu sasa, humwuliza kwanza anafua nguo gani na nani aliigusa kabla yangu, na kabla sijaondoka humwambia kila nilichokibadilisha.